Kuishi Majini Si Undugu

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili, alikuwa na oda moja ya wadudu iliyokuwa kapu la kila aliyekosa mahali. Aliiita Neuroptera. Sharti la kuingia humo lilikuwa kuwa na mabawa manne mepesi, yanayopitisha nuru na yaliyojaa mishipa. Kereng'ende akaingia. Akaingia Ephemera, yule mdudu dhaifu anayechomoza mtoni kwa maelfu na kufa bila kula chochote, maana kinywa chake cha utu uzima hakifanyi kazi. Chini ya jina Phryganea wakaingia wajenzi wa vifuko vya mchanga na vijiti, na kwa kufuatana nao wakaingizwa wale bapa wenye mikia miwili wanaojibana chini ya mawe ya mtoni.

Kulivunja kapu hilo kulichukua zaidi ya karne. Fabricius aliwatoa kereng'ende mwaka 1793 akawaita Odonata. Kirby akawatoa wajenzi wa vifuko, Trikoptera, mwaka 1813. Burmeister akawatoa wale wa chini ya mawe, Plekoptera, mwaka 1839. Efemeroptera, kundi la yule Ephemera, wakasubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndipo wapate oda yao. Ungedhani kesi imefungwa. Mimi naona kapu halikuvunjwa. Lilihamishwa tu kutoka kwenye makabati ya makumbusho hadi ukingoni mwa mto. Bado tunasema "wadudu wa maji baridi" kana kwamba tunataja ukoo mmoja, tunafundisha hivyo, na hata vipimo vya ubora wa maji vimejengwa juu ya mazoea hayo. Mahali anapoishi kiumbe hapasemi ni mwana wa nani.

Suala lenyewe si dogo. Tathmini ya kimataifa iliyotoka mwaka 2008 ilikadiria kuwa spishi za wanyama wa maji baridi zilizokwisha kuelezwa kisayansi zilikuwa kama 126,000, na wadudu peke yao walichukua takriban asilimia 60 yake. Wote hao wamo katika maji yanayofunika chini ya asilimia moja ya uso wa dunia, na wengi wao humo majini hupitisha utoto tu. Wamefikaje? Si kwa mlango mmoja. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wadudu wameingia majini zaidi ya mara 50, kila kundi kwa wakati wake na kwa njia yake.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye pumzi. Mdudu hategemei damu kusafirisha oksijeni, isipokuwa wachache. Hewa yenyewe humfikia kila kiungo kwa mirija inayofunguka nje kwa matundu ya ubavuni. Huo ni mfumo wa mnyama wa nchi kavu, na ndiyo sababu kubwa ya kuamini kwamba wadudu wa majini ni wajukuu wa wadudu wa nchi kavu waliorudi. Mchukue lava, yaani mtoto wa mdudu, wa Efemeroptera umweke kwenye kisahani cha maji chini ya darubini ndogo. Pembeni mwa tumbo lake utaona vijani vyembamba, hadi pea saba, na mara nyingi vinapepea bila kutulia. Ongeza mwanga kutoka chini. Ndani ya kila kijani kuna michirizi ya giza inayogawanyika matawi mpaka inapotea machoni. Hiyo ndiyo mirija ya hewa ileile ya nzi na panzi. Matundu ya ubavuni yamezibwa, mirija imebaki, na oksijeni iliyoyeyuka majini hupenya ngozi ya tamvua, yaani kile kijani cha kupumulia, na kuingia ndani ya mirija ikiwa gesi. Tamvua la kaa au kamba halifanyi kazi hivyo. Lile hupitisha damu.

Sasa linganisha na wengine. Lava wa kereng'ende wembamba, Zigoptera, kwa kawaida ana vijani vitatu mwishoni mwa tumbo. Lava wa kereng'ende wanene, Anisoptera, hana kitu nje: huvuta maji kwa njia ya haja, na matamvua yake yamo ndani ya utumbo wa mwisho. Akitishwa huyasukuma maji hayo nje kwa nguvu na kufyatuka mbele. Plekoptera wenye matamvua huwa nayo vishada vishada, mara nyingi chini ya miguu, na wapo wasio nayo kabisa. Tatizo ni lilelile, jibu limewekwa mahali tofauti pa mwili. Kwa mtu anayetafuta undugu, hiyo ni dalili kwamba majibu hayakurithiwa kwa babu mmoja.

Mbawakawa wanaeleza jambo hili vizuri kuliko kundi jingine lolote, na nashangaa hawatumiwi zaidi darasani. Wapo wawili wanaochanganywa sana: Dytiscus na Hydrophilus. Wote wakubwa, weusi au wa rangi ya mzeituni, wenye mwili laini wa kuteleza, wote hubeba hewa chini ya maji. Mtazame Dytiscus anapokuja kuvuta hewa: hutanguliza mkia, kwa sababu akiba yake ya hewa iko chini ya mabawa magumu na mlango wake uko nyuma. Hydrophilus hutanguliza kichwa. Hutoboa uso wa maji kwa papasi, vipembe vya kugusia vya kichwani, ambazo kwake ni fupi zenye kirungu, na hewa huteremka hadi kwenye vinyweleo vya kifuani na tumboni, ndiyo maana ukimtazama kwa chini hung'aa kama fedha. Papasi zikishapewa kazi hiyo, kugusagusa kumeachiwa viungo vingine vya kinywani vilivyorefuka, na anayemwona mara ya kwanza hudhani hizo ndizo papasi. Wanapoogelea, Dytiscus hupiga miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja. Hydrophilus huibadilisha mmoja baada ya mwingine, kama anayetembea.

Mgeuze Dytiscus chali. Sehemu ya chini ya miguu ya nyuma imegandamana na kifua, na inaikata pingili ya kwanza ya tumbo vipande viwili. Alama hiyohiyo utaikuta kwa mbawakawa wawindaji wanaokimbia ardhini na ambao hawajawahi kuogelea. Hao ndio ndugu zake, kundi la Adefaga. Hydrophilus hana alama hiyo. Yeye ni wa Polifaga, kundi jingine la mbawakawa, karibu zaidi na mbawakawa wa kinyesi kuliko na mwenzake wa kuogelea. Maji yamewafananisha sura. Undugu umebaki pale ambapo maji hayakuwa na haja ya kugusa.

Trikoptera wao ni kesi ya upande wa pili: ndugu wa karibu waliotenganishwa na maji. Lava wa Trikoptera hutema hariri kutoka kwenye mdomo wa chini, akaunganisha punje za mchanga, vipande vya majani au vijiti kuwa kifuko anachotembea nacho, au akasuka wavu wa kunasa chakula kinachosombwa na mkondo. Kiwavi wa nondo hutema hariri kwa kiungo kilekile. Mabawa ya Trikoptera mzima yamejaa nywele. Ya nondo na kipepeo yamejaa magamba, na magamba hayo ni nywele zilizopanuka. Katika makundi yote mawili ni jike, si dume, mwenye kromosomu za jinsia zisizolingana, jambo lisilo la kawaida kwa wadudu. Uchunguzi wa jeni umelithibitisha yale ambayo wataalamu wa maumbile walikuwa wameyaona tayari: hao ni ndugu wa karibu kuliko kundi lolote jingine lililo hai. Kwa hiyo lava anayeburuta kifuko cha mchanga mtoni ana undugu na kipepeo wa bustanini, wala hana undugu wowote wa pekee na Plekoptera aliyejibana kwenye jiwe la pembeni yake.

Halafu baadhi ya nondo wenyewe wakarudi majini baadaye, bila kuwahusisha Trikoptera. Viwavi wa nusufamilia ya Acentropinae huishi kwenye mimea ya majini, na wengine hujikatia vifuko vya majani. Huko Hawaii iko jenasi ya nondo iitwayo Hyposmocoma ambayo, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2010, viwavi wake wameingia kwenye vijito zaidi ya mara moja ndani ya jenasi hiyo hiyo, na wanaweza kuishi majini na nchi kavu pia, bila matamvua. Anayetaka kuifanya "tabia ya kuishi majini" kuwa msingi wa uainishaji aanze kwa kutueleza atawafanyaje hao.

Mtu aliyetupa kanuni ya kutoka kwenye mkanganyiko huu alikuwa mtaalamu wa nzi. Willi Hennig, Mjerumani, mwaka 1950 alitoa kitabu kilichosema jambo linaloonekana dogo: kufanana kote hakuna uzito sawa. Sifa ya kale ambayo kila mtu aliirithi haithibitishi kitu, na sifa iliyopatikana mara mbili kwa njia mbili inapotosha. Kinachothibitisha undugu ni sifa mpya iliyozaliwa kwa babu mmoja na kubaki kwa wajukuu wake peke yao. Mswidi Lars Brundin akaichukua kanuni hiyo mtoni. Alichunguza usubi wasiouma wa familia ya Chironomidae wanaozaliana kwenye vijito vya baridi vya Amerika ya Kusini, Australia, New Zealand na kusini mwa Afrika, na mwaka 1966 akaonyesha kwamba matawi yao yana mpangilio unaojirudia kuvuka bahari. Mdudu dhaifu wa vijito vya baridi asingevuka bahari mara zote hizo kwa mpangilio uleule. Bara ndilo lililovunjika chini yake. Alexander Wegener alikuwa amedai kusogea kwa mabara tangu 1912 na akabezwa. Brundin alileta ushahidi wa mdudu wa milimita chache wakati wanajiolojia ndiyo kwanza wanakubaliana.

Nakaa kidogo kwenye mfano huo kwa sababu unaonyesha uainishaji mzuri unavyoweza kusema jambo ambalo haukuulizwa. Orodha ya wadudu "wa vijito vya baridi" isingesema chochote kuhusu Gondwana, bara la kale la kusini lililovunjika.

Turudi ukingoni. Wapimaji wa afya ya mito hutumia kipimo kinachoitwa EPT, yaani idadi ya Efemeroptera, Plekoptera na Trikoptera waliopatikana kwenye sampuli. Wakiwa wengi, maji yanahesabiwa kuwa safi. Sikipingi kipimo hicho. Ni rahisi, ni cha bei nafuu, na mara nyingi kinasema kweli. Ninachopinga ni kusahau kwamba herufi hizo tatu ni koo tatu zilizokutana kwa bahati. Uvumilivu wa uchafu haukurithiwa kwa oda nzima. Ndani ya Efemeroptera kuna Baetis wanaostahimili mengi, na ndani ya Trikoptera kuna Hydropsyche wanaostawi pale ambapo mbolea na maji taka kidogo vimeongeza chakula cha kunasa kwenye nyavu zao. Mto unaweza kupata alama nzuri kwa wingi wa hao huku wenzao wasiovumilia uchafu wamekwisha kutoweka.

Herufi P ina tatizo jingine, la kihistoria. Plekoptera wamegawanyika matawi makuu mawili, moja lenye asili ya kaskazini na jingine la kusini. Familia ya Notonemouridae iko kusini mwa Afrika na Madagaska, lakini katika eneo kubwa la Afrika ya kitropiki unachokuta ni jenasi moja tu, Neoperla, ambayo wingi wa spishi zake uko Asia. Kwa muda mrefu Neoperla wa Afrika waliwekwa karibu wote chini ya jina moja, Neoperla spio, hadi mayai yao yalipochunguzwa na kuonekana yana maumbo tofauti. Mpimaji anayeandika "Plekoptera: 1" kwenye mto wa kitropiki anaweza kuwa anapima historia ya mabara na uvivu wa majina kuliko ubora wa maji. Kipimo kilichobuniwa kwenye mito ya kaskazini yenye Plekoptera tele hakihamishwi hivi hivi.

Chanzo cha udhaifu huu ni mgawanyo wa kazi ambao haujazungumzwa vya kutosha. Majina ya spishi yamejengwa zaidi juu ya wadudu wazima, hasa viungo vya uzazi vya dume. Mtu wa mtoni anakamata lava. Kuunganisha wawili hao kulimaanisha kumfuga lava mpaka atoke na mabawa, kazi ya majuma au miezi ambayo hakuna aliyetaka kuilipia, hivyo ripoti zikazoea kuishia kwenye familia. Tangu mwaka 2003, lilipotolewa pendekezo la kutumia kipande kifupi cha jeni moja kama kitambulisho cha spishi, lava na mzima wanaweza kuoanishwa kwa siku chache. Hilo ni jambo kubwa. Ila naona shauku imepita kiasi: kipande hicho kinatambulisha, hakielezi nasaba. Kinatenganisha spishi zilizoachana karibuni, na kikiulizwa habari za oda na oda kinapotea, kwa sababu mabadiliko yameandikwa juu ya mabadiliko mengine mara nyingi mno.

Wanaodhani huu ni ubishi wa wataalamu wasiokuwa na kazi wawaulize waliopambana na mbu. Anopheles gambiae alihesabiwa spishi moja hadi majaribio ya kuwazalisha, miaka ya 1960, yalipotoa madume chotara tasa. Sasa ni kundi: Anopheles arabiensis yumo, Anopheles merus wa maji yenye chumvi yumo, na Anopheles quadriannulatus, ambaye hupendelea damu ya wanyama na kwa malaria hana hatari kubwa. Mwaka 2013 aliongezwa Anopheles coluzzii. Kwa macho ni mbu yuleyule. Usubi wa Simulium damnosum nao walitenganishwa kwa kuangalia kromosomu nono zilizomo kwenye tezi za hariri za lava: zina mistari ya giza na nuru, na mpangilio wa mistari hiyo umepinduliwa sehemu tofauti kwa kila spishi. Mpango wa kudhibiti ugonjwa wa usubi Afrika Magharibi, ulioanza mwaka 1974 hadi 2002, ulimwaga dawa ya kuua lava kwenye mito, na kujua ni wapi kuna usubi wa savana, wanaohusishwa na upofu, na wapi kuna wa msituni lilikuwa swali la kazini kila siku.

Limebaki fumbo kongwe kuliko yote, na hapa hata jeni zimekwama. Kereng'ende na Efemeroptera hawawezi kuyalaza mabawa juu ya tumbo kama nzi au mbawakawa wafanyavyo. Kwa hiyo waliwekwa pamoja, "mabawa ya kale". Kwa kanuni ya Hennig hoja hiyo haina nguvu: kutoweza kukunja ni hali ya mwanzo, haithibitishi undugu. Wengine wakasema kereng'ende yuko karibu na wanaokunja, kwa kuwa Efemeroptera ndiye mdudu pekee anayejivua ngozi tena baada ya kupata mabawa yanayoruka. Wengine wakageuza: Efemeroptera ndiye wa karibu, maana kereng'ende ana njia ya pekee ya kujamiiana, dume akiihamisha mbegu kwanza hadi kwenye kiungo cha pili karibu na kifua. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 uliotumia jeni 1,478 uliwaweka kereng'ende na Efemeroptera pamoja, lakini bila uthabiti. Matawi hayo yaliachana upesi, zamani sana, na kila moja limesafiri peke yake kwa muda mrefu mno.

Fumbo hili limefungamana na la mabawa. Wapo wanaosema bawa lilitokana na tamvua la pembeni kama lile la Efemeroptera. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba jeni mbili zinazojenga bawa la mdudu hufanya kazi pia kwenye kijani cha kupumulia cha mguu wa jamii ya kamba, na mwaka 2020 jenomu, yaani jeni zote, ya Cloeon dipterum, mmoja wa Efemeroptera, ilionyesha jeni nyingi zinazotumika kwenye bawa na kwenye tamvua. Ushahidi mzuri, ila sishawishiki na hitimisho. Jeni zilezile zinaweza kuitwa kujenga vijani viwili kwa nyakati mbili. Wadudu wasio na mabawa walio karibu zaidi na wenye mabawa ni wa nchi kavu, na mirija ya hewa, kama tulivyoona, inaelekeza huko huko.

Tukikubali kwamba kereng'ende na Efemeroptera ni ndugu, je, waliingia majini pamoja au kila mmoja kivyake? Mimi naegemea kivyake, kwa hoja ya mahali matamvua yalipo: huyu pembeni mwa tumbo, yule mkiani au ndani ya utumbo. Kuna kizuizi kimoja nisichokificha. Familia mbili za kereng'ende wembamba, Euphaeidae na Polythoridae, lava wao wana matamvua pembeni mwa tumbo. Kama ni mabaki ya babu wa pamoja, hoja yangu inaanguka. Lakini familia hizo zimekaa katikati ya mti wa Zigoptera, si kwenye shina lake, na njia nyepesi ya kulieleza hilo ni kwamba waliyapata upya. Kitakachonibadilisha ni kisukuku cha lava wa shina la kereng'ende, wa kabla Zigoptera na Anisoptera hawajaachana, kikiwa na vijani ubavuni.